Mtego wa dukani na mtego wa chupa: nilivyoipima kwenye kahawa yangu ya Bombo

Nina ekari moja na nusu ya robusta nje kidogo ya Bombo, Uganda. Marehemu mume wangu aliipanda alipostaafu jeshi, mistari imenyooka kama gwaride, na tangu aondoke ni mimi ninayeilinda. Kwa hiyo nikisema jambo juu ya mitego ya mdudu mtoboa matawi, sisemi kwa kusikia. Nimeitumia misimu miwili, nimehesabu wadudu kwa mkono wangu, na daftari ninalo.

Niliinunua mitego sita kutoka duka moja la pembejeo Kampala, kila mmoja shilingi 18,000. Juu kuna kifuniko chekundu cha plastiki mfano wa sahani, chini yake vibao viwili vilivyopishana kama msalaba, kisha faneli, kisha kikombe cha kutia maji ya sabuni. Katikati inaning'inia pakiti ndogo ya ethanoli, spiriti ile ile inayopatikana ndani ya waragi, pombe kali ya huku kwetu. Mdudu anafuata harufu, anagonga kibao, anateleza kwenye faneli, anazama. Kijana aliyeniuzia alisema, "Mama, pakiti moja inakaa wiki sita. Na mitego uitundike juu ya miti ya kahawa yenyewe, katikati ya shamba." Yote mawili yalinigharimu, nitayaeleza.

Kama umekuja hapa kutaka kujua tu kama ununue au usinunue: mtego wa dukani unanasa, lakini kwa bei hiyo mimi singeununua tena. Wa chupa ninaoutengeneza nyumbani unanishikia zaidi. Sababu iko kwenye pua ya mdudu, na ndiyo maana nimeandika kwa urefu.

Kwanza tumjue adui. Huyu mdudu aligunduliwa Uganda mara ya kwanza mwaka 1993, kule Bundibugyo, mpakani na Kongo, kisha akasambaa kwenye wilaya za robusta. Wataalamu humwita Xylosandrus compactus. Jike hafiki milimita 2, ni mdogo kuliko punje ya simsim. Anatoboa tawi changa upande wa chini, tundu kama la pini, ambapo hulioni mpaka ulishike tawi na kuligeuza. Ndani anachimba njia kwenye kiini cha tawi na kupanda kuvu aliyokuja nayo kwenye kifuko kilicho mgongoni mwake. Ndiyo, anapanda, kama sisi. Watoto wake hawali mbao, wanakula kuvu hiyo. Wakikua, ndugu kwa ndugu wanapandana humo humo tawini, dume hana uwezo wa kuruka, na majike yanatoka yakiwa tayari na mbegu ya kuanzisha ukoo mwingine. Wewe unachokiona ni majani yaliyonyauka kwenye ncha, yamegeuka kahawia halafu meusi, na tawi linakatika ukiligusa. Tawi hilo ndilo lingekuletea kahawa msimu ujao.

Kwa hiyo kila chembe nyeusi ninayoikuta kwenye maji ya mtego ni jike, na kila jike ni tawi moja lililopona. Nahesabu hivyo, na sichoki kuhesabu.

Wiki ya kwanza ya mitego ya dukani ilinipa moyo. Mtego ulioshika wengi ulikuwa na wadudu 23, uliopata wachache 6. Wiki ya pili idadi ikaanguka: 9, 4, 2, mmoja haukuwa na kitu. Nikadhani nimewamaliza. Siku ya tisa nikazifungua pakiti, zote sita zilikuwa kavu, plastiki imejikunja kama ganda la karanga. Wiki sita alizoniahidi zilikuwa siku tisa. Nilipompigia yule kijana aliniambia ni jua la huku kwenu, ninunue pakiti nyingine kwa 7,000 kila moja. Jua la Bombo na jua la Kampala ni lile lile, mwendo wa kilomita thelathini na kitu. Sikununua.

Lakini hilo la pakiti ni dogo. Kubwa ni miti niliyotundikia. Mwezi mmoja baadaye nikapita na makasi ya kupogolea kukata matawi yaliyotobolewa, na miti sita iliyobeba mitego ndiyo iliyoongoza kwa kuharibika. Mmoja nilikata matawi 14. Miti ya mstari wa nne kutoka hapo ilikuwa na mawili, matatu. Nilikaa chini ya mti ule nikiwa na uchungu mkubwa, maana ni miti ya kwanza kabisa aliyoipanda mzee, na mimi mwenyewe ndiye niliyewaita wadudu waje pale.

Kwa nini walikuja kisha hawakuingia mtegoni? Jibu nililipata likizo iliyofuata.

Mjukuu wangu anasoma elimu ya wadudu Makerere. Alikuja na lenzi ndogo ya kubana kwenye kamera ya simu. Tukapasua tawi kwa wembe, tukamtoa jike mmoja mzima, tukamweka kwenye sahani nyeupe ya chai. Kwa macho ni kama chembe ya baruti. Kwenye simu akawa mnyama kamili: mgongo unang'aa kama buti lililopigwa rangi, miguu mifupi yenye miiba, na kichwa kimeingia chini ya kifua kiasi kwamba ukimtazama kwa juu hukioni. Nikauliza, "Pua yake iko wapi?" Akacheka kwa upole, akasema, "Bibi, pua ni hivi vipapasio." Vilikuwa vimekunjwa mashavuni. Kila kimoja kina umbo la mkono uliokunjwa kiwiko: kipande kimoja kirefu, kisha vipingili vifupi vifupi, na mwishoni kirungu bapa chenye vinywele.

Nikachovya njiti ya kiberiti kwenye spiriti, nikaisogeza karibu na ukingo wa sahani bila kuigusa. Yule mdudu alikuwa amejikunyata, miguu ameikusanya, anajifanya maiti. Haikupita dakika, viwiko vikanyooka. Virungu viwili vikasimama mbele ya kichwa, kimoja kulia, kimoja kushoto, vikawa vinapandapanda na kushuka kama mtu anayepapasa ukuta gizani. Kisha akaanza kutembea kuelekea njiti. Nikaihamisha upande wa pili. Akasimama, vipapasio vikaendelea kucheza, akageuka. Nimepambana na mdudu huyu miaka, na siku hiyo ndiyo nilimwona kwa mara ya kwanza kama kiumbe kinachotafuta.

Mjukuu akanieleza kinachotokea ndani ya kirungu kile, na nimeielewa hivi. Vile vinywele si vinywele vitupu. Vingi vina vitundu vidogo mno, na ndani yake kuna majimaji. Harufu ni chembe za kitu chenyewe zinazoelea hewani, zinaingia kwa vitundu hivyo. Harufu nyingi za miti ni za mafutamafuta, hazipendi maji, kwa hiyo ziko protini za kuzivusha, kama wachukuzi wanaokubebea gunia kutoka kwenye lori mpaka ghalani. Ng'ambo ya pili kuna seli za neva zenye vipokezi. Kila kipokezi kina harufu zake kinazozikubali, nyingine kinaziacha zipite. Kikipata yake, seli inatuma umeme kwenye ubongo. Kisha kuna vimeng'enya vinavyoisafisha ile harufu haraka, ili inayofuata isikike upya.

Hilo la kusafisha ndilo lililonifungua macho. Hewani harufu haiji kama kamba iliyonyooka. Inakuja mawimbi mawimbi, vipande vipande, jinsi moshi wa jikoni unavyopita uani ukikatikakatika. Mdudu anayeruka akipata wimbi anapanda dhidi ya upepo, akilipoteza anayumba kulia na kushoto mpaka alipate tena. Ndivyo anavyofika kwenye chanzo. Sasa tia chanzo hicho katikati ya mti wenye majani mazito. Upepo unakwama, harufu inatuama ndani ya mti mzima, na mdudu akishafika humo hapati tena wimbi la kumwonyesha penye mtego. Amefika, amezungukwa na matawi mabichi ya kahawa, anatua kwenye tawi. Mti umekuwa ndio mtego, na mtego umekuwa tangazo tu.

Nilimuuliza pia wanajuaje yote haya kuhusu kirungu kidogo kama kile. Akanisimulia kuwa mwaka 1957 Mjerumani mmoja, Dietrich Schneider, aliunganisha nyaya nyembamba kwenye kipapasio cha nondo wa hariri, akapuliza harufu, na chombo kikaonyesha umeme ukiruka. Mpaka leo njia hiyo inatumika kwa mende wanaotoboa miti: kipapasio kinawekwa kati ya nyaya mbili, harufu moja moja inapulizwa juu yake, na zile zinazoamsha umeme ndizo zinazopelekwa shambani kujaribiwa kwenye mitego. Mdudu mwenyewe ndiye anayeulizwa, kwa kipapasio chake.

Na kwa nini spiriti? Mti ukidhikika, mizizi ikizama kwenye maji kwa mfano, unakosa hewa na kuanza kutengeneza ethanoli ndani yake. Inavuja kwenye gome, na hewani ni kama mti unatangaza udhaifu wake. Lakini kuna zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 juu ya ndugu wa karibu wa mdudu huyu, Xylosandrus germanus, ulionyesha kwamba kuvu anayoilima inastawi penye ethanoli, wakati kuvu za magugu zinazoweza kuivamia bustani yake zinazuiwa. Kwa maneno mengine, jike linaponusa spiriti linanusa udongo mzuri wa kulimia. Mimi mkulima nalielewa hilo bila kuambiwa mara mbili.

Basi nikatengeneza wangu. Chupa ya maji ya kunywa ya lita moja na nusu, naipindua mdomo chini. Ubavuni nakata madirisha matatu, upana wa vidole vitatu, urefu wa kiganja. Kizibo kinabaki kimefungwa kule chini, na kwenye shingo natia maji yenye sabuni ya kuoshea vyombo, matone matatu au manne. Usiache sabuni. Bila sabuni mdudu mwepesi hivi anaelea juu ya maji, anatembea mpaka ukingoni, anaondoka zake. Ndani, kwa waya, natundika kichupa kidogo cha dawa ya macho kilichooshwa, nimekijaza spiriti ya duka la dawa. Mimi sitaki pombe ya kunywa ndani ya nyumba yangu, kwa hiyo lira-lira, waragi ya kienyeji, sikuijaribu, ingawa jirani anaitumia na anapata wadudu.

Mwanzo nilikiacha kichupa wazi. Spiriti ikaisha siku mbili. Nikaziba na kutoboa kizibo kwa sindano ya kushonea, tundu moja. Ikakaa wiki tatu lakini wadudu wakawa wachache. Nikaongeza tundu, nikapitisha uzi wa pamba utokeze nje kama utambi wa koroboi. Hapo ndipo mambo yalipokaa sawa: kichupa kinakwisha siku saba au nane, na harufu inatoka vile vile siku ya kwanza na siku ya sita. Kosa la pakiti ya dukani ni hilo, siku mbili za kwanza inamwaga, baadaye inakauka. Wiki ya kulinganisha, mtego mmoja wa dukani wenye pakiti mpya aliyonipa jirani, na mtego mmoja wa chupa, umbali wa hatua ishirini, wa dukani ulipata wadudu 19, wa chupa 41. Wiki iliyofuata, 5 kwa 38. Nilirudia mwezi wa kumi, upande mwingine wa shamba, nikapata mfano ule ule.

Mahali pa kuweka ni muhimu kuliko mtego wenyewe. Nimeitoa yote ndani ya shamba. Sasa inakaa kwenye vigingi pembezoni, hatua kumi kutoka mstari wa mwisho wa kahawa, urefu wa kifua changu, mahali peupe penye upepo. Nilizidisha upande wa parachichi za jirani, kwa sababu mdudu huyu haishi kwenye kahawa peke yake, parachichi na kakao anazitoboa pia, na miti inayojulikana anayoingia inazidi aina 200. Pale ndipo chupa zinajaa. Miti ile sita ya mzee imechipua vizuri, na pogoa la mwisho sikukata zaidi ya matawi matatu kwenye mti wowote.

Nisimdanganye mtu. Mtego hauponyi tawi lililokwisha tobolewa. Aliye ndani yupo shambani kwake, ana chakula na watoto, hana haja ya kutoka kufuata harufu. Huyo dawa yake ni makasi na moto: kata chini ya tundu mpaka uone kiini kisafi, kusanya, choma siku hiyo hiyo. Ukiyaacha matawi chini ya mti, wanatoka na kutoboa tena. Faida ya mtego ni kuwakamata wanaosafiri, na kukuambia wanasafiri lini. Daftari langu linaonyesha wanaongezeka siku za jua baada ya mvua. Nikiona wadudu kwenye chupa wameruka kutoka kumi kwenda thelathini, kesho yake tunaingia shambani na makasi, mimi na vijana wawili, na tunageuza kila tawi.

Shemeji yangu aliye Bugisu, anayelima arabika kwenye miteremko ya Elgon, aliniomba nimtumie chupa kwa ajili ya bungua wake wa shina. Nilimwambia aache. Yule ni mdudu mwingine kabisa, Monochamus leuconotus, mende wa sentimita tatu hivi, dume lake lina vipapasio vinavyoupita mwili kwa urefu, na funza wake wanakula shina karibu na ardhi. Shingo ya chupa yangu haimtoshi, na sina hakika anaijali spiriti. Mtego wa harufu ni kama ufunguo, usiupeleke kwenye kufuli la mwenzio.

Neno juu ya usalama, na hili nalisema kama bibi wa watoto wengi. Spiriti ya duka la dawa si kama ya waragi, huchanganywa na vitu vya sumu isinyweke, na ukiinywa inaweza kupofusha na kuua. Mimi naiweka kwenye kabati lenye kufuli, sijazi kichupa mbele ya watoto, na kila chupa shambani nimeiandikia kwa rangi nyekundu SUMU. Usiitie kwenye chupa ya soda hata kwa dakika moja. Na usiichezee karibu na sigiri, jiko la mkaa.

Gharama: chupa ni za bure, uzi na waya vilikuwepo, spiriti nusu lita nainunua 8,000 na inanipeleka mwezi mzima kwa mitego minane. Ukilinganisha na 108,000 nilizoziacha dukani, pamoja na 42,000 nilizotakiwa nitoe kwa pakiti za kurudishia, utaona mwenyewe. Kiboko, yaani kahawa inayokaushwa na ganda lake, niliyoianika msimu huu ni magunia manne zaidi ya msimu uliopita. Sisemi yote ni kwa sababu ya chupa, mvua nayo ilikuwa nzuri, na tulikata matawi kwa bidii.

Mtego wa dukani naupa nyota mbili kwa tano: umbo ni zuri, vibao vyake ni imara, pakiti yake ni hasara na maelekezo ya muuzaji ni mabaya. Kama mtengenezaji anasoma, weka kichupa chenye utambi badala ya pakiti, na uandike kwenye boksi kwamba usitundikwe kwenye mti wa kahawa. Kitu kimoja kwenye mtego ule ambacho chupa yangu haina ni kifuniko. Mvua ya Aprili ilikuwa inaingia kwa madirisha na kumwaga maji na wadudu wote kabla sijahesabu. Nimevifungua vile vifuniko vyekundu sita, nimevifunga kwa waya juu ya chupa sita. Mbili zilizobaki nimezifunika kwa sahani za plastiki.